Mlango wa kamba: sheria inasema nini, na sisi tunataka nini

Maneno tuliyosema mbele ya vijana wa Kisangani



Leo tunazungumza juu ya mlango wa gari. Wengine watacheka. Watasema: umeme hauko, barabara zimeoza, diplome zetu zinalala ndani ya sanduku, na ninyi munakuja na mambo ya mlango? Ndiyo. Ju kila siku mtu wa mji huu anapanda gari yenye mlango uliofungwa na kamba ama waya. Ingine haina mlango kabisa, na kijana anayepokea pesa njo amekuwa mlango, mguu moja ndani, mguu moja inje. Na swali linarudi kila siku: gari ya namna hii iko na ruhusa ya kutembea, ama haiko?

Tulisoma. Tunawaambia tulichokuta.

Nchi yetu iko na sheria ya barabara: sheria namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978. Mwaka moja mbele yake, katika 1977, Zaïre ya wakati ule iliingia katika Mkataba wa Vienna wa 1968 juu ya mwendo wa barabarani. Na Katiba ya 2006, kifungu cha 215, inasema mkataba uliokubaliwa na kutangazwa namna inavyopashwa uko juu ya sheria za kawaida.

Sasa fungueni mkataba huo, kifungu cha 24. Kinakataza mtu kufungua mlango wa gari, kuuacha wazi, ama kushuka, kama hajahakikisha kwamba hamletei hatari mwengine aliye barabarani. Kwa hiyo mlango wa kamba unaofunguka wenyewe kwenye kila shimo, mbele ya motari anayepita, si jambo la kuchekesha. Ni jambo ambalo dunia ilikwisha kuandika tangu 1968.

Na mlango ulioondolewa kabisa? Angalieni Nyongeza ya 5 ya mkataba ule ule. Inadai kila gari yenye magurudumu kupita mawili iwe na kioo cha kuangalia nyuma. Kwenye gari ndogo nyingi kioo cha upande kimefungwa kwenye mlango. Ukiondoa mlango, umeondoa kioo pia. Kioo cha ndani nacho kinabaki kuangalia vichwa vya watu na mifuko ya makala. Shofere anageuka upande wa kushoto akiwa kipofu.

Kuna mwenye atauliza: mbona jeep za zamani za jeshi hazikuwa na milango, na bajaji haina? Swali zuri. Jibu liko kiwandani. Bajaji iliundwa bila mlango. Marekani kuna Jeep yenye milango ya kutoa na kurudisha, na kanuni yao ya vitasa vya milango, namba 206, inaachilia milango ya namna hiyo kwenye gari iliyoundwa kutembea bila milango. Lakini Corolla haikuundwa hivyo. Hiace haikuundwa hivyo. Ndani ya mlango wa gari nyingi za leo kuna chuma cha kupokea pigo la ubavuni, na kitasa kinashika mlango ili ukuta wa gari usifunguke wakati wa ajali. Mtu anayetupwa inje ya gari yuko karibu na kifo kuliko yule anayebaki ndani. Kamba haimshiki mtu. Kamba inashika aibu ya mwenye gari tu.

Tena kuna jambo lingine, na hili tunaliona kila siku bila kulitaja. Gari nyingi zinatoka Japani, usukani uko kuume. Huko wanatembea upande wa kushoto, kwa hiyo mlango wa abiria wa minibus unafunguka kushoto, pembeni ya barabara. Sisi tunatembea kuume. Mlango ule ule, kwetu, unafunguka katikati ya barabara! Mama anashuka na mtoto mgongoni, mbele ya moto na toleka. Hapo hata mlango mzima unaua. Je, ule usiofungika?

Sasa tuseme ukweli mwengine. Gari ya mlango wa kamba inasimamishwa asubuhi. Shofere anatoa kitu, bila kitansi. Gari inaendelea, na kamba yake. Mchana inasimamishwa tena. Jioni tena. Hesabu pesa hizo mwezi mzima: zingetosha kumlipa fundi wa kuchomelea, bawaba mpya na kitasa. Pesa imetoka, mlango haujarudi. Sheria iliyoandikwa ju ya uhai wa msafiri imegeuka kuwa mti wa matunda kando ya barabara.

Hatusemi shofere ni adui. Wengi wenu hapa munaendesha gari ama moto na diplome mfukoni, ju kazi haiko. Shofere ana pesa ya kumpelekea mwenye gari kila jioni. Asipoileta, kesho anapewa mwengine. Kwa hiyo tusimwangukie yeye peke yake. Mwenye gari, anayelala nyumbani, njo wa kwanza kuulizwa mlango uko wapi.

Wengine wanasema Afrika haiwezekani. Kenya, tangu Februari 2004, kanuni za waziri John Michuki zilidai matatu ziwe na mikanda, kifaa cha kuzuia mwendo kupita kilomita 80 kwa saa, na abiria wenye kiti tu. Siku za kwanza gari nyingi zilibaki nyumbani, na watu walitembea kwa miguu. Lakini gari zilitengenezwa, ju bila kutengenezwa hazikuruhusiwa kurudi kazini. Baadaye usimamizi ulilegea, na kasoro zikarudi. Somo ni hilo: sheria inaishi kama inasimamiwa, inakufa kama inauzwa.

Basi tunaomba mambo mane.

Moja: viongozi wa jimbo la Tshopo watangaze kwa Kiswahili na Lingala, kwenye redio na kwenye parkingi, gari ya abiria inapashwa kuwa na nini, na faini ya kila kosa ni ngapi.

Mbili: kila faini ilipwe na kitansi. Pasipo kitansi, hiyo si faini.

Tatu: gari isiyo na mlango ipewe siku za kutengeneza, kisha ikaguliwe bila malipo ya pili. Ikikataa, isibebe watu. Na mwenye gari aonyeshe asiransi, ju sheria inaifanya kuwa lazima.

Ine: sisi wasafiri. Mlango ukikosekana, tusipande. Tumwambie shofere kwa heshima: papa, tengeneza, kesho tutapanda. Hatuvunji kioo, hatuchomi tairi, hatumtukani mtu. Watu kumi wakibaki chini, mwenye gari atasikia mbele ya saa sita.

Kifungu cha 16 cha Katiba kinasema mtu ni kitu kitakatifu, na serikali iko na deni la kumlinda. Hakisemi mtu mwenye gari nzuri. Kinasema mtu. Yule wa kiti cha mwisho, karibu na kamba, naye yumo.

Vijana wa Boyoma, kesho asubuhi, mbele ya kuweka mguu ndani ya gari, angalieni mlango.