UMEME WA MOYO NA MAPIGO YANAYOPOTEA MWENDO

Imo nguvu kifuani mwa kila mtu, nayo ni umeme uendeshao moyo.

Tukiweka vidole viwili juu ya kifundo cha mkono, upande wa dole gumba, twasikia mshipa ukipiga. Mtu mzima aliyetulia hupata mapigo 60 mpaka 100 kwa dakika, nayo hufuatana kwa nafasi sawasawa. Nani atoaye amri? Ubongo huweza kuharakisha moyo au kuupunguza mwendo, lakini amri yenyewe hutoka moyoni. Mwaka 1907 wataalamu wawili wa Uingereza, Arthur Keith na Martin Flack, walieleza kipande kidogo cha nyama kilichopo katika chumba cha juu cha kulia, karibu na mahali mshipa mkubwa uletao damu kutoka kichwani uingiapo moyoni. Hicho ndicho mpiga ngoma mkuu. Sehemu nyingine zote humfuata.

Umeme huo watokana na nini? Kila chembe ya moyo ina utando mwembamba. Ndani potasiamu ni nyingi. Nje iliyo nyingi ni sodiamu, ile iliyomo katika chumvi ya kupikia. Amri ifikapo, vijilango vya utando hufunguka, sodiamu huingia kwa nguvu, na umeme wa chembe hugeuka. Kisha kalsiamu huingia, na nyama hujikunja. Mwisho potasiamu hutoka, na chembe hurudi katika hali yake ya kwanza. Kabla haijarudi, haiwezi kuitika amri nyingine.

Fikirini moto wa nyika. Hauwezi kurudi nyuma, kwa kuwa majani ya huko yamekwisha teketea. Ndivyo umeme upitavyo moyoni mara moja na kuzimika. Lakini lau majani yangeota na kukauka upesi nyuma ya moto, nao moto ungecheleweshwa mahali penye majani mabichi, ungeweza kukizunguka kichuguu pasipo kukoma. Kovu moyoni ni kama majani mabichi hayo: umeme hulipita polepole, na utokeapo hukuta chembe zimekwisha pumzika, ukaanza mzunguko tena. George Ralph Mines wa Cambridge alionyesha mzunguko wa namna hii mwaka 1913 katika mioyo ya wanyama.

Iko na njia ya pili. Mtu akiharisha na kutapika sana, potasiamu hupungua mwilini. Chembe hukawia kurudi katika hali yake, na nyingine huweza kupiga kabla ya zamu.

Hasara yake si ndogo. Vyumba vya juu vikitetemeka tu, damu hutuama na kuganda. Donge likipanda ubongoni, mtu hupatwa na kiharusi. Vyumba vya chini vikitetemeka, damu haisukumwi kabisa, na mtu hufa kwa dakika chache. Mwaka 1947, huko Cleveland, Marekani, daktari Claude Beck aliuponya moyo wa kijana kwa kuupiga umeme: chembe zote zilinyamazishwa pamoja, mpiga ngoma akashika tena kazi yake.

Basi, mtu azimiapo mara kwa mara, au moyo wake ukienda mbio bila sababu, tusiseme kwamba amerogwa, tukapoteza siku. Na apelekwe hospitali, umeme wa moyo wake uandikwe kwa mashine. Mtoto mwenye maumivu ya koo na homa tusimpuuze, kwa maana ugonjwa huo waweza kuleta homa ya viungo iachayo makovu moyoni. Na mtu akianguka ghafula, haitiki wala hapumui vema, tuite msaada, tumlaze chali, tukandamize katikati ya kifua kwa nguvu na upesi, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, hata msaada ufike. Mikono yetu itaisukuma damu wakati moyo wenyewe umeshindwa.