Kusoma Majibu ya Picha ya Mgongo Maumivu Yanapokawia: Mada kwa Wahudumu wa Afya wa Visiwa vya Lamu

Kazi nyingi za visiwa vya Lamu hubebwa na mgongo, kwa kuwa mawe ya matumbawe yanayochimbwa Maweni kisiwani Manda, boriti zinazokatwa mikokoni na shehena zinazoshushwa gatini hupita mabegani mwa watu kabla ya kupakiwa juu ya punda au majahazini. Maumivu ya kiuno yakizidi wiki 12 huhesabiwa kuwa sugu, na hapo mgonjwa aliyekwisha kuchuliwa, kuumikwa na kumeza vidonge vya kutuliza huanza kutafuta picha ya MRI. Kwa mtu wa Faza au Siyu, safari hiyo ni ya mashua hadi Mokowe, kisha ya barabara, mara nyingi hadi Mombasa, na gharama yake huifanya jamaa nzima iyangoje majibu kama watu wanaongoja hukumu. Mada hii inashikilia kwamba majibu hayo yasomwe kuanzia mwilini kwenda kwenye picha, na kwamba kuyasoma kinyume cha hivyo kumewatia wagonjwa wengi hofu isiyo na sababu.

Kipimo cha MRI hutumia sumaku yenye nguvu na mawimbi ya redio, nacho huonyesha vitu laini ambavyo eksirei haivionyeshi: neva, ugwe wa neva ulio ndani ya uti wa mgongo na diski, yaani mito ya gegedu yenye kiini cha uteute iliyo kati ya pingili na pingili. Kadiri umri unavyosonga, kiini hicho hupungukiwa na maji na kuonekana cheusi pichani, na ripoti hukiandika kuwa kimechakaa. Neno hilo lina madhara yake, kwani mvuvi hulijua kwa tanga na nyavu zilizokwisha kazi, ilhali diski ni sehemu hai ya mwili na mabadiliko yake yanafanana zaidi na mvi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1994 uliwapima watu 98 wasio na maumivu ya mgongo. Asilimia 52 yao walikuwa na diski iliyotuna walau mahali pamoja, na asilimia 36 tu ndio waliokuwa na diski za kawaida kote. Mapitio ya mwaka 2015, yaliyokusanya watu 3,110 wasio na maumivu, yalikadiria kwamba uchakavu hupatikana kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20 na asilimia 96 ya wenye miaka 80.

Kwa hiyo swali la kwanza ni iwapo kilichoonekana kinalingana na mguu wa mgonjwa. Diski iliyo kati ya pingili ya nne na ya tano ya kiuno, ikichomoza, kwa kawaida hubana neva ya tano, na mgonjwa huhisi ganzi juu ya unyayo na kushindwa kukiinua kidole gumba cha mguu; iliyo chini yake, juu ya sakramu, yaani mfupa mpana unaounga nyonga mbili, hubana neva inayofuata, na ganzi hushika ukingo wa nje wa unyayo huku kusimama kwa ncha za vidole kukiwa kugumu. Ripoti ikitaja neva ya kushoto na maumivu yawe ya kulia, picha hiyo haijaeleza kitu, hata kama imeandikwa kwa maneno mazito. Inafaa pia mgonjwa aambiwe kwamba diski iliyochomoza mara nyingi hunywea yenyewe kwa miezi.

Yapo hata hivyo mambo ambayo yakionekana picha haipaswi kucheleweshwa: homa za usiku na kukonda, ambazo huweza kuashiria kifua kikuu cha mgongo, ugonjwa ulioelezwa na daktari mpasuaji Mwingereza Percivall Pott mwaka 1779, homa za kurudiarudia kwa anywaye maziwa mabichi, ambazo huweza kuwa bruselosi, historia ya saratani, na, la haraka kuliko yote, ganzi ya sehemu za siri pamoja na kushindwa kukojoa au kuzuia haja, ambapo hata saa zina thamani.

Pasipokuwa na dalili hizo, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unapendekeza mazoezi na elimu kwa mgonjwa, na haupendekezi mikanda ya kiuno kama tiba ya kawaida, ingawa mahamali wengi huitegemea. Kwa anayepewa rufaa, daktari au muuguzi wa zahanati aandike kwenye fomu upande wa maumivu, sehemu yenye ganzi na msuli uliolegea, ili msoma picha aliye Mombasa ajue anatafuta nini, na ripoti ikirudi kisiwani iwekwe kando ya fomu hiyo na zisomwe pamoja, mgonjwa akiwa amevua viatu.