Redio ya Mkononi kwa Ulinzi wa Mtaa
Stima ikipotea usiku na simu zikikosa mtandao, mlinzi wa geti atamwitaje mwenzake aliye upande wa pili? Redio ya mkononi husaidia.

Penye nyumba zilizosongamana, chagueni ya UHF. Mawimbi yake hupita kati ya majengo vizuri kuliko ya VHF, ambayo hufaa zaidi mahali pa wazi. Msiamini kilomita zilizoandikwa kwenye katoni: ijaribuni kutoka nyumba ya kwanza hadi ya mwisho. Iwe na betri ya akiba, na istahimili mvua.

Kabla ya kununua, ulizeni Mamlaka ya Mawasiliano kuhusu leseni ya masafa. Na moto ukizuka, mmoja aite kwa redio, mwingine apige 999 au 112.