Mama Huyu Ni Yule?

Msikilizaji, katika kata ya Kisesa, wilayani Magu, mkoani Mwanza, tangu 1994 watafiti wamekuwa wakipita nyumba hadi nyumba wakiandika nani kazaliwa, nani kafariki, nani kahama. Kituo cha afya nacho kina kumbukumbu zake: nani kapimwa VVU, nani kaanzishiwa dawa. Ukiziunganisha kumbukumbu hizo utajua kama waliopimwa wanafika kwenye dawa, na kama dawa zinawaongezea maisha.

Kazi ni kumtambua mtu. Tuseme kumbukumbu za kaya zina Mariamu Masanja, aliyezaliwa 1984. Kliniki ina Maria Masanja, 1985. Namba ya kitambulisho cha taifa, ile ya NIDA, ingemaliza ubishi, lakini ina tarakimu 20, haikai kichwani, na si kila mtu anayo. Kompyuta ikilinganisha herufi kwa herufi itasema hawa ni wanawake wawili, kumbe huenda ni mmoja aliyeandikwa na makarani wawili.

Mwaka 1969 wanatakwimu Ivan Fellegi na Alan Sunter, wakiwa Kanada, walichapisha njia ambayo hadi leo ndiyo msingi wa kazi hii. Kila kipengele cha kumbukumbu, kama jina, jinsia au mwezi wa kuzaliwa, hupewa uzito wake, yaani alama. Kama kweli ni mtu mmoja, kipengele hiki kingelingana mara ngapi? Na kama ni watu wawili, kingelingana mara ngapi kwa bahati tu? Jinsia hulingana kwa bahati karibu nusu ya nyakati, basi alama zake ni chache. Mwezi wa kuzaliwa hulingana kwa bahati takriban mara moja katika 12, kwa hiyo una uzito zaidi. Jina lililojaa kijijini halithibitishi mengi. Jina adimu linathibitisha. Mariamu na Maria hupata sehemu ya alama, maana yanakaribiana. Jumla ya alama ikiwa kubwa sana, ni mtu mmoja; ikiwa ndogo sana, ni wawili. Walio katikati wanataka macho ya binadamu.

Hapo ndipo Kisesa walifanya jambo ninalolipenda sana. Hawakungoja mgonjwa aondoke ndipo waanze kubahatisha ofisini. Karani aliketi naye kliniki, kwa ridhaa yake, akamwuliza majina yake, kijiji, kitongoji, hata jina la balozi wa nyumba kumi. Kompyuta ikapanga watu wanaokaribiana naye, mwenye alama nyingi juu. Kisha swali: "Mama, nyumbani unaishi na nani?" Akiwataja watu wa kaya ile, ubishi umekwisha. Na huyo balozi ni hazina: mtu anaweza kusahau mwaka aliozaliwa asimsahau balozi wake.

Kukosea hapa kunaumiza. Ukiwatenganisha walio mmoja, mgonjwa anayemeza dawa zake kila siku anahesabiwa ameacha matibabu. Ukiwaunganisha walio wawili, majibu ya mtu yanaingia kwenye kumbukumbu za jirani yake, na kwangu hilo ndilo kosa kubwa zaidi.

Ndugu zangu mnaounganisha mifumo ya hospitali, bima na vitambulisho: wale wa katikati msiwaachie kompyuta. Waiteni, muwaulize, kabla hamjawaunganisha.