Maji Yaliyopo, Maji Yanayongojwa na Maji Yanayobomoa: Ramani za Mafuriko ya Rufiji kwa Picha za Setilaiti



Kila masika, sisi tulio kwenye halmashauri na ofisi za mabonde huulizwa swali lilelile: maji yamefika wapi? Mada hii inaeleza namna ya kulijibu kwa picha za setilaiti, na mfano wangu ni Rufiji ya chini, kuanzia Mloka hadi delta. Nimeichagua kwa sababu huko jibu la haraka hupotosha kuliko kwingine.

Mto huu hukusanya maji ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu, yanayotiririka kutoka karibu sehemu moja ya tano ya Tanzania Bara. Ukishatoka kwenye korongo la Stiegler, lilipojengwa Bwawa la Julius Nyerere, unaingia tambarare na kutanuka. Mafuriko yake huja taratibu, yakasambaa, yakakaa wiki kadhaa. Msimbazi pale Jangwani, Dar es Salaam, una tabia nyingine kabisa: hujaa kwa saa chache na kushuka kwa saa chache, na setilaiti ikipita siku ya pili hukuta matope. Kwa Msimbazi, wanafunzi na wakazi walioshiriki mradi wa Ramani Huria kuanzia 2015, wakichora mitaro na nyumba mtaa kwa mtaa, wametusaidia kuliko setilaiti yoyote. Rufiji inaipa setilaiti nafasi.

Picha za kawaida, zinazotegemea mwanga wa jua, tunazo za miaka mingi. Mfululizo wa Landsat ulianza 1972, na Sentinel-2 ya Ulaya tangu 2015 hutupa picha ambazo pikseli zake ni za mita 10. Shida ni wingu. Mafuriko huja na mawingu, na siku tunayoihitaji picha ndiyo siku inayotoka nyeupe tupu. Ndiyo maana kazi kubwa huifanya rada. Sentinel-1, iliyorushwa Aprili 2014, hutuma mawimbi yake yenyewe ya sentimita 5 na nusu hivi, yanayopenya wingu usiku na mchana. Maji yaliyotulia huyaakisi mawimbi hayo upande wa pili kama kioo, hivyo hutokea meusi pichani. Ardhi yenye majani na mabonge hurudisha sehemu ya mawimbi, ikaonekana nyeupe zaidi.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Chukua picha ya kiangazi, tuseme ya Septemba, na picha ya siku za mafuriko, zote mbili kutoka njia ileile ya setilaiti ili pembe ya kutazamia isibadilike. Punguza chengachenga za rada, kisha tafuta pikseli zilizofifia ghafla. Kizingiti cha kutenga maji na nchi kavu kinaweza kupatikana kwa kanuni ya Otsu ya 1979, ambayo programu nyingi za bure zinayo tayari. Picha nazo ni za bure.

Mitego ipo. Mafungu ya mchanga mkavu ya Rufiji ni meusi kwenye rada hata Septemba. Yakifunikwa na maji hayabadiliki, na ramani inayapita. Upepo ukichafua uso wa maji, maji hung'aa yakafanana na nchi kavu. Mtego mbaya kuliko yote ni mpunga uliosimama majini. Mawimbi hugonga maji, yakagonga mabua, yakarudi kwenye setilaiti yakiwa na nguvu, na shamba lililozama likaonekana kavu. Kwenye mikoko ya delta, mawimbi mafupi haya hayafiki hata chini ya majani. Rada ya NISAR, iliyorushwa Julai 2025 na yenye mawimbi ya sentimita 24 hivi, itasaidia hapo. Kwa sasa tukubali kwamba ramani zetu hupunguza mafuriko mahali palepale penye chakula cha watu.

Hata ramani isiyo na kasoro hizo bado ina rangi moja tu ya maji, wakati Rufiji ina maji ya namna tatu. Kuna maji yaliyopo siku zote: mto wenyewe na maziwa kama Utunge, Zumbe na Ruwe. Haya huondolewa kwa urahisi kwa kutumia ramani ya maji ya dunia ya kituo cha utafiti cha Umoja wa Ulaya, iliyotolewa 2016 kutokana na picha za Landsat tangu 1984. Kuna maji yanayongojwa. Warufiji wamelima kwa mafuriko vizazi na vizazi: maji yakishuka huacha tope jipya, nao hupanda humo mlau, yaani mazao ya baada ya mafuriko kama mahindi na kunde, na maziwa hupata samaki wapya. Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali iliwahamishia watu kwenye miinuko kwa Operesheni Rufiji, lakini mashamba yalibaki bondeni, na sababu ni hiyo. Anayepaka tambarare yote rangi nyekundu na kuiita eneo la maafa anaitia doa ardhi yenye rutuba kuliko zote wilayani, na rangi hiyo ikifika mezani kwa mpangaji inaweza kuzaa amri ya kuhama.

Maji ya tatu ni yale yanayobomoa, na hayo setilaiti haiyatambui. Rada haioni kina: maji ya kifundo cha mguu na maji ya kumzamisha mtu yana weusi uleule. Inachoweza kutupa ni muda. Tukizipanga picha zote za msimu, tunapata idadi ya siku ambazo kila shamba lilikaa majini, na ramani hiyo ya muda ina thamani kuliko ramani ya upana. Baada ya hapo lazima tuwaulize wakulima wenyewe: maji yalifika mpunga ukiwa na urefu gani? Yalifika kiwango gani kwenye nguzo za dungu? Yaliwahi au yalichelewa kuliko mwaka ule wa El Niño, 1997 kuamkia 1998?

Swali la wakati limekuwa zito tangu bwawa lilipoanza kujazwa Desemba 2022. Mwaka 2024 mvua zilikuwa kubwa, maji yakafunguliwa bwawani, na Aprili vijiji vya Rufiji na Kibiti vikazama. Wakati huo Sentinel-1 ilikuwa na setilaiti moja tu juu yetu, kwa kuwa ya pili iliharibika Desemba 2021, hivyo kati ya picha na picha zilipita siku 12. Picha peke yake haiwezi kugawa sababu kati ya mvua na milango ya bwawa. Ninaomba kumbukumbu za maji yanayofunguliwa kila siku ziwe wazi kwa ofisi zetu, tuziweke sambamba na picha. Watu waliopoteza mashamba wanastahili hesabu hiyo.

Kwa msimu ujao napendekeza kila halmashauri iwe na picha yake ya kiangazi iliyoandaliwa kabla ya Machi. Ramani itakayotoka iende kwa mtendaji wa kijiji kupitia simu yake, ikiwa na majina ya vitongoji badala ya namba za latitudo, pamoja na tarehe na saa ambayo setilaiti ilipita, na nafasi ya yeye kuandika pale tulipokosea.