Ngoma si ya kukaribisha wageni tu



Katika vijiji vyetu vingi, iwe Bukiriro wilayani Ngara au kwingineko, mgeni mheshimiwa akitarajiwa huitwa kikundi cha ngoma. Watoto hupangwa juani, nyimbo za sifa huimbwa, mgeni hupunga mkono, basi. Hatimaye tumeamini kwamba kazi ya muziki ni kufurahisha tu.

Wako waliokataa. Mwanzoni mwa karne ya 20, mtunzi Arnold Schoenberg wa Vienna aliona kwamba sauti tamu za kanuni za zamani haziwezi kubeba hofu na uchungu wote wa binadamu. Kuanzia mwaka 1908 akaziacha kanuni hizo. Katika "Erwartung", aliyoitunga mwaka 1909, mwanamke anamtafuta mpenzi wake msituni usiku, anakuta maiti. Muziki unahema na kushtuka pamoja naye. Mtindo huo huitwa ekspresionizimu: msanii haonyeshi jinsi jambo linavyoonekana, bali jinsi linavyouma moyoni.

Januari 1911 mchoraji Wassily Kandinsky aliusikia muziki wa Schoenberg mjini Munich, akauchora kwa rangi. Schoenberg mwenyewe naye alikuwa akichora. Sisi hilo lisitushangaze. Kwa Kiswahili ngoma ni chombo, ni muziki, tena ni mchezo, hatukuvitenga.

Lakini ujasiri huo una gharama. Machi 1913 onyesho lililoongozwa na Schoenberg mjini Vienna lilivunjika kwa ghasia. Mwaka 1938 utawala wa Hitler uliandaa maonyesho mjini Düsseldorf ya kuudhihaki muziki wa namna hiyo. Hapa kwetu, Euphrase Kezilahabi alipochapisha "Kichomi" mwaka 1974, mashairi yasiyofungwa na vina na mizani, wako waliosema hayo si mashairi. Leo huwezi kueleza historia ya ushairi wa Kiswahili bila kuyataja.

Sasa turudi Ngara. Mwishoni mwa Aprili 1994, zaidi ya watu 200,000 waliokimbia Rwanda walivuka mpaka pale Rusumo kwa muda wa siku moja hivi. Jambo kama hilo utaliimba kwa wimbo wa kupokea mgeni? Aliyeliona kwa macho yake ana haki ya kupiga ngoma isiyochezeka.

Sisemi tuige Vienna. Wala si kila kelele ni sanaa. Nyingine ni kelele tu. Nasema hivi: maofisa utamaduni, walimu na wazazi, kijana akileta wimbo unaokwaruza masikio, tumwulize kwanza anasema nini kabla ya kumnyamazisha. Huenda anasema lile ambalo sisi wakubwa tumeshindwa kulitamka.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.