HOTUBA YA MWENYEKITI SIKU YA MIAKA KUMI: NAULI YA KLINIKI NA MTOTO ALIYEZALIWA SALAMA









Tulianza mwaka 2015 chini ya mwembe, wanawake wachache na sanduku moja lenye kufuli tatu. Watu walitucheka, wakasema hawa wataachana kabla ya msimu wa korosho. Leo ni miaka kumi na sanduku lipo. Wanawake hoyee!

Mambo ya hisa na mikopo mtayasikia kwa mhazini, maana yeye ndiye mwenye daftari. Sisi tumeona tuseme jambo lisiloandikwa kwenye daftari lile, nalo ni habari ya kuzaa kwa watu wenye virusi vya UKIMWI. Msicheke, wala msiinamishe vichwa. Unyagoni tunasema makubwa kuliko haya.

Tuanze kwa kukiri kosa letu. Mwaka 2018 mwenzetu mmoja alikuja kuomba nauli kwenye mfuko wa jamii. Jina lake tunalihifadhi, na haya tunayasema kwa ruhusa yake. Yeye alikuwa na virusi, mumewe mvuvi hana. Walikuwa na miaka minne ya ndoa bila mtoto. Walitaka kwenda kliniki mjini Mtwara wakaulize watapataje mtoto bila mume kuambukizwa, na bila mtoto kuzaliwa na virusi. Alitueleza yote kwa mdomo wake mwenyewe.

Na sisi tulimjibu nini? Tulisema mfuko ni wa wagonjwa na misiba, si wa kutafutia mimba. Mmoja wetu akaongeza, "Na hali yako hiyo, mtoto wa nini? Unataka kuzaa yatima?" Hakuna aliyemkemea. Mwenzetu alijifunga khanga yake, akaondoka. Mikutano mitatu hakuonekana.

Jamani, kwetu Wamakonde mtoto ni wa ukoo wa mama. Mwanamke asipozaa hasemwi peke yake, anasemwa na mama yake na wajomba zake. Kumbe siku ile tulimwambia mwenzetu ukoo wake uishie kwake. Tulisema kwa kutojua, lakini kutojua nako kunaumiza.

Kwa nini tulikuwa hatujui? Kwa sababu hofu yetu ilikuwa ya zamani. Wagonjwa watatu wa kwanza nchini walionekana Kagera mwaka 1983, na miaka ya 1990 sote tunajua tulivyozikana. Wakati ule hakuna dawa. Mama mwenye virusi asipopata huduma yoyote, katika watoto 100 wanaambukizwa 15 mpaka 45, ama tumboni, ama wakati wa kujifungua, ama kwa kunyonya. Basi sisi tukabaki na hofu ile, huku dunia imekwenda mbele. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004. Mwaka 2013 ukaanza utaratibu wa kila mjamzito mwenye virusi kupewa dawa za maisha yake yote, asingoje kudhoofika. Mwaka 2016 ikawa hivyo kwa kila anayepimwa na kukutwa navyo.

Aliyetufungua macho ni muuguzi mmoja tuliyemwalika kwenye mkutano wetu. Alikaa nasi mpaka jua likazama, tukamuuliza hata yale ya chumbani. Haya ndiyo tuliyojifunza, na tunayaandika humu ili asiyekuwepo asome.

Kwanza, kupimwa ni kwa wawili. Virusi havifuati ndoa. Mke anaweza kuwa navyo mume hana, na mume anaweza kuwa navyo mke hana. Majibu ya mwenzako siyo majibu yako.

Pili, mwenye virusi anywe dawa kila siku, kisha apimwe wingi wa virusi katika damu. Akinywa vizuri, kwa kawaida ndani ya miezi sita virusi hufifia mpaka kipimo hakivioni. Havijatoka mwilini, ila vimelala, na vikilala haviambukizi katika tendo la ndoa. Hili tulilibishia sana. Muuguzi akatuambia juu ya utafiti wa Ulaya uliotangazwa mwaka 2016. Wenzi 888, mmoja ana virusi na mwingine hana, walikutana bila kondomu mara 58,000 hivi. Hakuna hata mmoja aliyeambukizwa na mwenzi wake aliyekuwa kwenye dawa na virusi vimelala.

Tatu, wanaotaka mtoto waseme kliniki kabla ya mimba, si baada yake. Wangoje mpaka kipimo kionyeshe virusi havionekani. Hapo ndipo waache kondomu kwa ajili ya mtoto. Mwanamke ahesabu siku zake tangu damu ilipoanza. Kwa mwenye mzunguko wa siku 28, mimba hushika zaidi kati ya siku ya 10 na ya 16.

Nne, asiye na virusi naye anayo kinga yake ya kidonge. Kenya na Uganda walijaribu kwa wenzi 4,747, majibu yakatoka mwaka 2011. Waliopewa vidonge vile vyenye dawa mbili, maambukizi yalipungua kwa robo tatu. Kwa hiyo kama virusi vya mwenzio havijalala bado, muulize mhudumu wa kliniki habari ya kidonge hicho.

Tano, mimba ikishika dawa haziachwi. Ajifungulie kwa wataalamu. Mtoto apewe dawa ya maji, apimwe akiwa na wiki 6, na aendelee kupimwa mpaka amalize kunyonya na kufika miezi 18. Anyonye maziwa ya mama matupu miezi sita, hata uji na maji asipewe. Nyanya, mnatusikia? Mambo haya yakifuatwa, katika watoto 100 hawafiki watano wanaoambukizwa.

Kuna aliyeuliza kama hakuna mashine. Zipo. Huko Milan, Italia, daktari Augusto Semprini alianza kuosha mbegu za mwanamume mwenye virusi na kuzipandikiza kwa mkewe, akatangaza matokeo mwaka 1992. Wakati ule dawa zilikuwa bado kulaza virusi hivi. Sasa wenzi wengi hawahitaji kuoshewa mbegu, kidonge cha kila siku kinafanya kazi ile.

Lakini tusidanganyane, si kila anayefuata haya anapata mtoto. Mwenzetu mwingine alifuata yote, mimba haikushika. Alipopimwa alikutwa mirija imeziba. Mara nyingi hiyo huletwa na kisonono au klamidia visivyotibiwa mapema, siyo virusi. Watoto wa kupandikizwa nje ya tumbo walizaliwa Kampala tangu mwaka 2004 na Nairobi mwaka 2006, ila gharama yake hata tukivunja sanduku letu lote haitoshi. Leo analea mtoto wa dada yake, kama ilivyo desturi yetu. Tunalolisema ni hili: ukiona kisonono tibiwa, wewe na mwenzio. Na mimba ikichelewa apimwe na mume, asisemwe mke peke yake.

Homa ya ini aina ya B nayo ni virusi, na huenda kwa mwenzi na kwa mtoto vilevile. Hiyo ina chanjo. Mwenzi asiye nayo achanjwe kabla ya kutafuta mtoto, na watoto wasikose chanjo zao za kliniki. Chanjo hiyo watoto wa Tanzania wanaipata tangu mwaka 2002.

Turudi kwa mwenzetu wa nauli. Baada ya kufundishwa, tulikwenda watatu nyumbani kwake jioni. Yule aliyesema neno la yatima ndiye aliyetangulia kuomba radhi. Tulimpa nauli, akaipokea, lakini akasema, "Hela mngeninyima ningesamehe siku ile ile. Neno ndilo lililoniuma." Mwaka 2020 alijifungua. Mtoto alipotimiza miezi 18 majibu yakawa hana virusi, na mumewe hana mpaka leo. Mtoto yule yupo uwanjani hapa sasa hivi, anacheza na wenzake, na hamtamjua ni yupi.

Tangu hapo tumebadilisha katiba yetu. Mfuko wa jamii unatoa nauli ya kliniki yoyote, ya mke au ya mume, na hatuulizi kliniki ya nini. Mwanakikundi anayetoa siri ya mwenzie nje anatoka kikundini. Hata sheria ya nchi ya mwaka 2008 inakataza kumnyanyapaa mwenye virusi.

Kina baba, mkienda dago ombeni kliniki dawa za kutosha. Wanaoendelea vizuri hupewa za miezi kadhaa. Samaki hawangoji, lakini virusi navyo havingoji. Makungwi wetu, haya yaingizeni unyagoni. Na kwako Mgeni Rasmi ombi letu ni moja: ushauri wa uzazi kwa wenzi hawa usogezwe karibu, maana mtu akikosa nauli hukosa na mtoto.

Nanyi mnaokaa kimya kwa kuogopa midomo yetu, njooni. Tuliwahi kukosea mara moja, na imetutosha.